Neno Ambalo Baba Hakuletewa

Mwanangu Lukelo,

Baba hakukataa kusimama. Hakuambiwa asimame. Aliyetumwa kumwambia ni mimi, nami sikumwambia, na tangu siku ile mpaka sasa hivi sijamweleza mtu yeyote. Si shangazi, si rafiki yangu Anyesi. Hata katika sala nimekuwa nikipita pembeni.

Nimeliandika hilo kwanza kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Unanijua.

Usikasirike kwamba nimekuita mwanangu kwenye karatasi. Mimi ni dada yako, tumbo moja. Lakini mama alipofariki ulikuwa bado unatembea kwa kushika ukuta, na niliporudi nyumbani kutoka shule nikakuchukua kwa shangazi, ukaanza kuniita mama. Uliendelea hivyo mpaka watoto wa pale njia panda Makambako walipokucheka: "Mama gani anaruka kamba!" Tangu hapo mbele za watu mimi ni dada. Ukiwa na homa unasahau.

Mambo ya sabuni, na kulala na soksi, na kutogombea ugali na wakubwa, shangazi amekwisha kukuambia, na kesho kabla lori halijaja atakuambia tena. Mimi nimekufulia mashati na kushona kifungo. Nilikuwa nangoja kulia wakati wa kukunja blanketi lako. Sikulia. Nilikunja tu. Moyo wangu haufanyi kitu, umekaa, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Labda nitalia wiki ijayo nikipakua sahani yako kwa mazoea.

Naandika kwa sababu ya lile ulilouliza mchana wa leo, ukiwa na tonge mdomoni.

"Baba, kwa nini ulikataa kusimama?"

"Kusimama wapi?"

"Kule misheni. Yule mtoto wa mwinjilisti anasema nikifika tu wataniita mwana wa mzee aliyechagua mianzi. Anasema ulitakiwa usimame mbele ya usharika utubu, dada arudi darasani, ukakataa."

Baba akaweka tonge lake chini. "Mimi hakuna aliyeniita."

"Wanasema walikuita, baba."

"Nani alikuja kuniita? Aje anionyeshe mlango aliopiga hodi."

Ukaniangalia mimi, maana wewe ukikwama huniangalia mimi. Baba naye akaniangalia. Hakuniangalia kwa ukali. Aliniangalia kama fundi anayetafuta msumari huku ameubana midomoni mwenyewe. Nami nikasema, "Ngoja nilete mboga ya moto," na mboga ilikuwa mbele yetu inatoa moshi. Niliporudi na bakuli tupu baba alikuwa amechukua panga ameshuka bondeni, na wewe ulikuwa unafunga viatu uende ukamuage shangazi. Hakuna aliyeniuliza bakuli lile lilikuwa la nini.

Basi nitakueleza, na wewe ndiye wa kwanza.

Nilikuwa darasa la tano kule kule unakokwenda. Bweni la wasichana upande huu wa kanisa, la wavulana upande ule. Baba alikuwa mzee wa kanisa wakati huo, na fundi wa mbao. Mabenchi yale ya kanisani kule aliyatengeneza yeye, kwa mbao zilizotoka Matembwe, na sehemu ya karo yangu ililipwa hivyo. Ukikaa utayajua, ukingo wa nyuma ameuzungusha usimchome mtu mgongoni. Jina lake halikuandikwa mahali. Hakutaka.

Masika yale nilikuja nyumbani kwa mazishi ya bibi. Unajua mambo ya mianzi ya baba. Kila msimu wa mvua huikata ncha, asubuhi anateka mtogwa, ule ulanzi mtamu usiolewesha, kwa ajili ya bibi aliyekuwa hana meno na kwa ajili yetu watoto. Wa jioni, uliokwisha kuchacha, hakuteka. Mzee wa kanisa, angeteka wa nini? Na kila alipoteka alitumia mbeta mpya, mwanzi uliokatwa siku ile ile, kwa sababu mbeta iliyokwisha kutumika ina ukali wake ndani, ukitia mtogwa humo hata saa za mchana hazifiki umekuwa pombe. Hilo nililijua. Kila mtoto wa Kibena analijua.

Siku ya kurudi shule nikamkumbuka Anyesi. Yeye ni wa Ilembula, alikuwa rafiki yangu pekee. Nilimwacha bwenini na homa, hataki uji, hataki chochote. Siku zote alikuwa akinitania, "Ninyi mnakaa kwenye mianzi mnakunywa asali, sisi kwetu tunakunywa vumbi." Nikawaza nimpelekee mtogwa. Baba alikuwa amekwenda kusaidia kubomoa turubai la msiba. Nikaenda mwenyewe kwenye mianzi. Mbeta mpya sikuiona, nami kukata mwanzi sikuweza, panga lilikuwa na baba. Nyuma ya jiko palikuwa na mbeta moja imening'inia, nzuri, nyepesi. Ilikuwa imeletwa na waombolezaji ikiwa na ulanzi wao. Nikaiosha kwa maji mara nyingi, nikanusa, nikaona haina harufu. Nikatia mtogwa, nikaziba mdomo kwa majani ya mgomba, nikaifunga ndani ya khanga ya mama.

Huo ndio upumbavu wenyewe. Nilidhani maji yanatosha.

Hata hivyo labda mtogwa ungewahi kufika kabla ya kuchacha. Lakini lori lilizama kwenye tope kabla ya kufika Njombe, tukalala humo humo, abiria wote, mvua inapiga turubai. Nilifika shuleni kesho yake jioni na nilimpa Anyesi mbeta yake kabla hata ya kuvua viatu. Alikunywa kidogo akasema, "Mbona asali yenu inauma ulimi?" Nikasema ni baridi. Wakaja wengine wawili, wakanywa. Mimi nilionja nikajua palepale. Ningesema, "Acheni, umechacha." Ni maneno mawili. Lakini walikuwa wamefurahi, na ilikuwa mara ya kwanza watu wamekaa kitandani kwangu.

Kengele ya sala ya jioni ikalia. Tukaenda. Katikati ya sala Anyesi akaanza kucheka. Mama mlezi akamkazia macho, ndiyo kwanza akacheka zaidi, halafu mmoja wa wale wawili akatapika kwenye benchi la baba.

Tulipelekwa kwa mwalimu mkuu. Alikuwa mtu wetu, si mzungu, mpole tu, hakuwa mtu wa fimbo. Mbeta ilikuwa juu ya meza yake na ile khanga ya mama.

"Hii imetoka wapi?"

Nikatazama miguu yangu.

"Imetoka kwenu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nani amekupa? Sema, binti, sikuli. Umeiba njiani?"

Nikakunja vidole vya miguu.

"Baba yako ndiye amekupa?"

Lukelo, nilikuwa na lugha tatu siku ile. Kibena cha nyumbani, Kiswahili, na Kiingereza changu cha darasa la tano, ambacho nilikijua vizuri kwenye daftari. Zote tatu zilikuwepo. Nilikuwa na neno "hapana" katika kila moja. Niliendelea kutazama miguu. Mwalimu mkuu akangoja, akangoja, halafu akashusha pumzi akasema, "Mzee wa kanisa. Na msiba bado haujaisha."

Nilimsikia akiliweka lile jambo kwenye jina la baba, nikaliacha likae hapo.

Asubuhi akanipa ujumbe. Alinirudisha nyumbani, lakini hakunifukuza. Alisema pole pole, kama anayemfundisha mtoto hesabu: "Mwambie baba yako aje Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Asimame mbele ya usharika, aseme amekosa, tutamwombea, na wewe siku hiyo hiyo utarudi darasani. Sina ugomvi naye. Asipokuja, basi tutajua amechagua mianzi yake. Umenielewa?" Nikaitikia. "Sema nilivyosema." Nikasema, kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Nililikariri vizuri. Mpaka leo ninalo.

Wenzangu wale watatu walipewa ujumbe huo huo, kila mmoja kwa mzazi wake.

Nilifika nyumbani baba akiwa anapiga randa ubao. Akasimamisha randa.

"Kamwene. Mbona umerudi?"

"Kamwene, baba."

"Unaumwa?"

"Nimefukuzwa."

"Kwa lipi?"

"Walinikuta na ulanzi."

"Ulanzi wa nani?"

"Niliuchota hapa. Ulichacha njiani."

Alipangusa maranda juu ya ule ubao. Kisha akauliza swali ambalo nimelisikia usingizini mara nyingi kuliko sauti ya mama. "Na mimi je, wamesemaje? Hawakuniita?"

Nikasema, "Hapana, baba. Wamesema nisirudi tu."

Akaanza tena kupiga randa. Hakunipiga, hakunigombeza. Usiku alinipa kipande kikubwa cha nyama.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini watu wa ukoo wetu walihama shule ile wote pamoja. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nimesikia watu wakitoa sababu zao, kila mtu na yake. Wapo waliosema karo imetushinda. Wapo waliosema baridi ya kule inaua watoto. Pale njia panda walisema tumeona shule ya serikali imefunguliwa karibu, ambako hakuna anayeuliza baba yako anakunywa nini, tukaona ni nafuu. Yote yanaeleweka. Familia nyingine kweli zimetoka kwa sababu hizo, na siwalaumu. Sisi tulitoka kwa sababu ya sentensi moja niliyoimeza.

Baba alingoja. Sikuelewa wakati ule kwamba alikuwa anangoja. Kila alipopita mwinjilisti barabarani alisimama kidogo na kofia mkononi. Jumapili ya kwanza ya mwezi ilifika, tukakaa hapa nyumbani, mimi nikimenya mahindi. Ilipopita, habari zikaja kwamba ameondolewa katika wazee wa kanisa. Shangazi alikuja mbio na khanga mkononi.

"Kaka, ni kweli?"

"Ndivyo ninavyosikia."

"Bila kukuita? Hata jumbe hapa akikushitaki mtu kwa mbuzi aliyekula mahindi anakuita kwanza barazani! Hawa wanamhukumu mtu mzima kama hayupo!"

"Yaache, dada."

"Nayaacha vipi? Wanangu wanakula kule ugali wa watu walionidharaulia kaka yangu!"

Wiki ile ile akaenda kuwatoa binti zake wawili. Sara, yule mkubwa, unamjua kama mke wa mtu, na mgongo wake una mtoto siku zote. Mimi namjua alivyokuwa wa kwanza darasani. Alikuwa akinifundisha hesabu za sehemu kwa kukata muhogo. Alitolewa, akakaa nyumbani, mwaka haukuisha akaposwa. Mdogo wake alijaribu shule ya serikali, wasichana walikuwa wawili tu, akaacha. Sara hunisalimu vizuri. Akinikuta kisimani hunisaidia kujitwisha. Nami humwambia ahsante.

Mwaka jana baba aliponituma Ilembula kumpelekea mgonjwa wetu chakula hospitalini, nilimkuta Anyesi. Amevaa sare nyeupe, anajifunza uuguzi. Alinikumbatia mbele ya watu wote mpaka nikaona aibu. Tukakaa nje kwenye majani.

"Baba yako mbona hakuja ile Jumapili?" akaniuliza. "Mwalimu mkuu alimngoja. Alichelewesha hata ibada, anaangalia mlango."

"Na wa kwako alikuja?"

"Alikuja. Alitembea kwa miguu kutoka huku. Akasimama, akasema, 'Mtoto wangu amekosa, na mimi nimekosa,' akaketi. Hata wimbo mmoja ni mrefu kuliko pale. Halafu wakampa chai. Njiani kurudi alinicheka, akasema, 'Wewe mlevi, soma sasa, nimetembea sana.'"

Aliendelea kucheka. Nilimwambia baba yangu alikuwa mgonjwa siku ile. Ukishazoea, uongo hautafuti mahali pa kukaa, unakaa tu.

Sasa utataka kujua kwa nini. Nami ningependa kujua. Nimejaribu majibu mengi, na kila jibu ni kweli kidogo. Nilimwona baba kwa akili yangu amesimama kati ya mabenchi yake mwenyewe, watu wanageuka kumtazama, anasema amekosa jambo asilolijua. Sikuweza kuvumilia picha ile. Hilo nimelitumia kujifariji, kwamba nilimkinga. Lakini vile vile, nikimpa ule ujumbe angeuliza, "Kwa nini wanadhani ni mimi?" na ningelazimika kusema kwamba nilinyamaza jina lake likatajwa. Na vile vile, nilikuwa nimechoka na shule. Nilichoka kuitwa kusimama darasani kujibu kwa Kiingereza huku wavulana wakihesabu nitanyamaza mpaka lini. Na wewe ulikuwa kwa shangazi, una upele kichwani, unalia ukiniona naondoka. Inawezekana nilikutumia wewe kama sababu. Inawezekana ulikuwa sababu kweli. Sijui ni kipi kilianza. Nimekutunza vizuri, nadhani. Sitaki utunzaji huo uwe fidia, maana hukunidai kitu.

Je, baba alilipa kwa ajili yangu? Alilipa. Anakaa nyumbani Jumapili. Ulidhani ni mtu asiyependa kuimba. Alikuwa anaanzisha nyimbo, Lukelo. Sauti ya nne, ya chini. Ulipofaulu darasa la nne na mwinjilisti mpya akaja kusema nafasi ipo kule misheni, baba alisema, "Aende. Mimi sina neno nao." Ulimwomba akupeleke mpaka shuleni akasema atakufikisha kwenye lori tu, mlango ule hapiti, kwa sababu walimhukumu bila kumwita. Wewe ulinuna. Mimi nilikuwa nakanda unga, nikaendelea kukanda.

Wewe si kama mimi. Wewe unauliza mambo makubwa mdomo umejaa. Kule watakufundisha kumeza kwanza, na kunyoosha mkono, na kungoja uitwe. Jifunze, ni adabu nzuri. Lakini isiwe ndiyo mwisho wa maswali yako. Ukiulizwa jambo jibu, hata kama jibu lako ni baya, hata kama sauti inatetemeka. Watu hawaachi pengo likae wazi. Usipolijaza, watalijaza na walichonacho karibu, na mara nyingi ni jina la mtu.

Ukiona shule ile haikufai, rudi. Mlango huu hautakuuliza karo. Ukiona inakufaa, kaa, hata wakikutania. Ila iwe kwa sababu ambayo unaweza kumwambia baba ukiwa umemtazama. Mimi nimeondoka shule bila baba yangu kujua kwa nini, na kuondoka huko bado hakujaisha.

Sasa nikuambie nilivyopanga. Nilipanga kuikunja barua hii niishone ndani ya pindo la blanketi lako, halafu kesho lori likianza kuondoka nikuambie uipasue ukifika. Nilikwisha kuandaa sindano. Ungesoma kule, mbali, ungejua baba yako ni mtu wa namna gani, ungewajibu wale wavulana. Mimi ningebaki hapa na baba kama kawaida, namsongea ugali.

Lakini hapa nilipofika nimeona ninachokufanyia. Nakutuma. Wewe ndiye ungekaa na neno la baba kifuani, darasa la tano kama mimi, ukiwaza utamwambiaje na lini, likizo ya kwanza, likizo ya pili. Na kesho baba angerudi kutoka kwenye lori peke yake akiamini bado kwamba hakuitwa. Lori linaondoka asubuhi. Akilijua leo, ana usiku mzima wa kuamua kama atapanda nawe mpaka mlango ule au hatapanda. Sijui ataamua nini. Huenda asiseme nami tena. Hilo nimelipima na halijanitoa machozi.

Nasikia miguu. Si yako, wewe unakimbia. Ni ya baba, anapanda kutoka bondeni, anavuta ule mguu wa kushoto. Siku zote akinikuta naandika nafunika karatasi kwa ungo, ananiuliza "Barua ya nani?" nasema ni hesabu za mahindi. Ungo uko hapa, naweza kuufikia bila kuinuka.

Ameegesha panga ukutani. Anakwangua matope kwenye jiwe la mlangoni.

Ungo nimeusukuma upande wa pili wa mkeka. Karatasi ya kwanza nimeiweka juu, imeangalia mlango. Baba husoma polepole, kwa kidole, kila mstari mpaka mwisho. Ukiikuta barua hii ina alama za udongo pembeni, usidhani niliiangusha.